Tunga Kipande cha Piano kwa Chekeche la Namba

Karibu, mtazamaji. Leo tunatunga kipande cha piano cha dakika 1 na sekunde 45, na kila noti yake tutaipata kwa kugawanya namba. Kaa mbele ya piano yenye vitufe 88, uwe na karatasi na kalamu. Hesabu tunayoihitaji ni ile ya kugawanya na kutazama kinachobaki.

Njia hii tumeikopa kwa Iannis Xenakis, mtunzi Mgiriki aliyesomea uhandisi Athens, kisha akahamia Ufaransa na kufanya kazi na msanifu majengo Le Corbusier. Katika kipande chake cha piano cha mwaka 1961, Herma, aligawa vitufe kwa seti; miaka michache baadaye akawa anachekecha namba ili kupanga sauti. Kwake hesabu haikuwa pambo. Ndiyo iliyoamua kidole kiangukie wapi.

Anza kwa kuvipa vitufe namba. Cha mwisho kushoto ni 1, cha mwisho kulia ni 88. C ya katikati itaangukia 40. Kama kwako haikuangukia hapo, rudia kuhesabu, maana vitufe vyeusi navyo vinahesabiwa.

Sasa chekecha. Seti A ni kila namba ambayo ukiigawanya kwa 5 inabaki 2: yaani 2, 7, 12, 17, na kuendelea. Seti B ni kila namba ambayo ukiigawanya kwa 7 inabaki 3: yaani 3, 10, 17, 24, na kuendelea. Ziandike zote mpaka 88. A itakuwa na vitufe 18, B itakuwa na 13. Vinavyokutana katika seti zote mbili ni vitatu tu: 17, 52 na 87.

Kwa nini 5 na 7? Tulia hapa kidogo, maana kazi yote imeegemea uamuzi huu. Kigawe kidogo cha shirika cha 5 na 7 ni 35, kwa hiyo mpangilio unajirudia kila baada ya vitufe 35. Oktavu, yaani kutoka noti moja hadi inayofuata yenye jina lilelile, ina vitufe 12, na 35 haigawanyiki kwa 12. Matokeo yake, noti iliyomo kwenye oktavu moja huenda isiwemo kwenye oktavu inayofuata, na sikio halipati mahali pa kuita nyumbani. Ungechagua 3 na 4, kigawe kingekuwa 12, na kila oktavu ingerudia noti zilezile. Hiyo ingekuwa skeli ya kawaida tu.

Chukua sehemu ya kuanzia 17 hadi 52. Noti ni 12: 17, 22, 24, 27, 31, 32, 37, 38, 42, 45, 47, 52. Pima umbali kati ya kila noti na jirani yake: 5, 2, 3, 4, 1, 5, 1, 4, 3, 2, 5. Isome kutoka kushoto, kisha kutoka kulia. Ni ileile! Hatukuipanga hivyo, imezaliwa na ule ugawanyaji, na mimi kila nikiiona nafurahi upya.

Umbali huo tunaugeuza kuwa muda. Weka metronomu, kile kifaa cha kupiga mapigo sawasawa, kwenye mapigo 60 kwa dakika, kila pigo ligawe mara nne. Noti ya kwanza ina urefu wa robo 5, ya pili robo 2, ya tatu 3, hivyohivyo. Lakini noti ni 12 na urefu ni 11, kwa hiyo duru ya pili kila kitu kinasogea: kitufe cha 17, kilichokuwa na robo 5, sasa kina 2, duru inayofuata 3. Orodha ya noti na orodha ya urefu hazitaanza tena pamoja mpaka noti 132 zipite. Mtunzi Mfaransa Olivier Messiaen alitumia mbinu ya aina hii mwaka 1941, kwa urefu 17 dhidi ya akodi (noti zinazopigwa pamoja) 29.

Nguvu za sauti ni rahisi. Vya A pekee, piga kwa upole. Vya B pekee, kwa nguvu ya wastani. Vya seti zote mbili, 17 na 52, kwa nguvu kamili.

Mkono wa kushoto ushike 17 hadi 31, wa kulia 32 hadi 52. Jifunze duru moja polepole ukihesabu robo kwa sauti, na usikimbilie noti fupi. Kosa la kawaida ni kuziiba muda zile ndefu zinazofuata.

Noti ya 132 ni kitufe cha 52, robo 5, kwa nguvu kamili. Kanyaga pedali, ondoa mikono, kiache kilie mpaka kinyamaze chenyewe.