Jinsi ya Kupima Filamu ya Shujaa, Sehemu ya Pili

Karibuni, watazamaji. Leo tunapima sehemu ya pili ya filamu ya shujaa, yaani filamu inayoendeleza hadithi ya ile ya kwanza: uigizaji, mapigano, na namna mhusika anavyokua. Chukua daftari, rimoti iwe karibu.

Kabla hujaifungua, rudia dakika kumi za mwisho za sehemu ya kwanza. Andika sentensi moja tu: shujaa ameachwa wapi? Kampoteza nani, anaficha nini? Sentensi hiyo itakusaidia mbele.

Tuanze na uigizaji. Tafuta mazungumzo ya watu wawili, umwache anayesema, umtazame anayesikiliza. Mwigizaji dhaifu anangoja zamu yake. Mzuri, maneno unayaona yanamwingia. Kisha zima sauti urudie. Na uso ukifunikwa? Tazama mwili. Heath Ledger, anayeigiza Joker, adui wa Batman, katika The Dark Knight ya 2008, amepakwa rangi usoni karibu filamu nzima, lakini mwangalie anavyolambalamba midomo na anavyotembea kainamisha mabega. Oscar aliyopewa mwaka 2009, akiwa ameshafariki, ilimstahili kabisa.

Sasa mapigano, na hapa tukae kidogo. Fungua Captain America: The Winter Soldier ya 2014, ile lifti. Steve Rogers, ndiye Captain America, yumo ndani, wanaume wanazidi kuingia. Jicho lake linatua kwenye mkono wa mmoja, uko karibu na silaha. Mwingine jasho linamtoka. Simamisha hapo! Hakuna ngumi iliyorushwa, lakini tayari unajua nafasi ni finyu, wamemzunguka, na yeye ameshawagundua. Ndiyo maana vurugu zikianza hupotei.

Basi fanya hivyo kwa filamu yako. Chagua pigano moja, ujiulize: najua nani yuko wapi? Kama picha inakatwa kila mara kabla ngumi haijafika, huenda wanakuficha kitu. Halafu jiulize swali gumu zaidi: pigano hili likiondolewa lote, hadithi itapungukiwa na nini? Jibu likiwa hakuna, liandike, hata kama lilikusisimua.

Tunafika kwa mhusika. Rudi kwenye ile sentensi yako. Kosa linaloniudhi kuliko yote ni shujaa aliyejifunza unyenyekevu sehemu ya kwanza kurudishwa na kiburi kilekile, ili ajifunze upya. Huo ni uvivu wa mwandishi. Vazi jipya nalo si kukua.

Linganisha na Spider-Man 2 ya 2004. Peter Parker, ndiye Spider-Man, amechoka, nguvu zinamtoka, anafikia kulitupa vazi lake kwenye pipa la taka. Baadaye anaizuia treni kwa mwili wake, uso wazi, hadi anaishiwa nguvu. Abiria wanampokea kwa mikono, wanamwona usoni: kijana tu. Sasa weka uamuzi wa pipani kando ya uamuzi wa kwenye treni. Mtu ni yuleyule, ila safari hii anajua kazi hii inamgharimu nini, na bado anaifanya. Tafuta jozi kama hiyo katika filamu yako.

Ukiandika hukumu, usichanganye mambo haya. Mapigano yanaweza kuwa bora na mhusika akawa amedumaa. Sema yote mawili. Na kila unaposifu au kulaumu, taja tukio lenyewe, ikiwezekana na dakika yake, ili msomaji akalitazame mwenyewe.