Dirisha Ndilo Linaloshika Paa

Mhadhara uliotolewa Mji Mkongwe, Unguja, wiki chache kabla ya masika

Assalaamu alaykum. Wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko mlangoni, ahsanteni kwa kuja. Mimi ni fundi. Nilishika randa miaka mingi kabla ya kushika chaki, kwa hiyo nikianza kusema kama mwalimu, nirudisheni kwenye mbao.

Jana bibi mmoja alinisimamisha Mkunazini akaniambia, "Mwanangu, nasikia unakwenda kuwatia watu khofu ya kimbunga. Zanzibar tuna kusi na tuna kaskazi. Kimbunga cha wapi?" Nataka nianze kwa kumjibu, kwa sababu swali lake ni la haki.

Ni kweli vimbunga vingi havitufikii. Kimbunga kinazungushwa na mzunguko wa dunia yenyewe, na ukikaribia ikweta nguvu ile ya kukizungusha inapungua. Sisi tuko karibu na nyuzi 6 kusini, Pemba nyuzi 5. Ndiyo maana vingi vinakwenda Madagaska, Komoro na Msumbiji. Lakini tarehe 15 Aprili 1872 kilikuja. Sayyid Barghash alikuwa hajatimiza miaka 2 katika utawala. Mikarafuu ya Unguja ililala chini, mashamba kwa mashamba, na vyombo vilizama bandarini hapa hapa tunapopandia boti. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na leo mtu akitaja karafuu anataja Pemba kwanza. Upepo wa siku moja ulibadilisha uchumi wa visiwa viwili.

Na hayo si ya kale tu. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita Ngazija, kule Komoro, usiku, siku ya pili kikaingia kaskazini ya Msumbiji, na Mtwara watu walikuwa wameshaambiwa wahame. Wengi wenu mna shangazi na mabinamu Ngazija, mnajua mapaa yaliyoondoka. Mei 2024 Hidaya ilisogea mpaka Mafia, na boti za baina yetu na Dar es Salaam zikasimama. Desemba mwaka huo huo Chido iliipiga Mayotte, na mitaa mizima ya nyumba za mabati ikafagiliwa. Mafia si mbali na hapa. Kwa hiyo bibi yangu, nusu ya maneno yako ni kweli, na hiyo nusu nyengine ndiyo iliyonileta.

Sasa nieleze jambo moja. Mkikisahau kila kitu nitakachosema leo, hili lisipotee.

Watu wengi wanadhani upepo unaezua paa kwa kulivuta kutoka juu. Unalivuta, ndiyo. Lakini paa lenye misumari mizuri huweza kustahamili mvuto huo. Linaloliua ni dirisha. Nyumba ikiwa imefungwa, upepo unasukuma ukuta wa mbele na unanyonya paa kwa juu, basi. Dirisha la upande wa upepo likipasuka, upepo unaingia ndani na hauna pa kutokea. Chumba kinajaa kama tanga. Sasa paa linavutwa kutoka juu na linasukumwa kutoka chini, vyote kwa pamoja, na mabati yanaondoka. Mabati yakishaondoka, kuta zinabaki peke yao, hazina cha kuzishika kwa juu. Nyumba inakufa kwa mpangilio huo: dirisha, paa, ukuta.

Na nguvu ya upepo haiongezeki kama tunavyodhani. Kasi ikizidi mara 2, nguvu inazidi mara 4. Chukueni dirisha la kawaida, upana mita 1, urefu mita 1 na nusu. Upepo wa kilomita 72 kwa saa unalisukuma kwa uzito wa karibu kilo 37, chini ya mfuko mmoja wa saruji. Upepo wa kilomita 144 unalisukuma kwa kilo 150: mifuko 3. Mlango wenye mita za mraba 3, mifuko 6. Sasa jiulize, fremu ya dirisha lako imeshikwa na nini?

Mimi nilijiuliza nimechelewa. Nyumba ya mama yangu Wete niliitia madirisha ya alminiamu kwa mkono wangu, yale ya kusukuma. Nilitoa mbao za zamani, zilikuwa nzito, zilikuwa zimefifia rangi, nikaona namfanyia mama jambo la heri. Nikatia fremu kwa skurubu 4 kila dirisha, fupi, na silikoni pembeni. Skurubu zile zilishika lipu, hazikulifikia jiwe. Ilipokuja mvua ya masika yenye pepo, wala si kimbunga, dirisha la sebuleni liliingia ndani zima zima, na fremu yake, kioo hakikuvunjika hata. Dakika chache baadaye mabati ya upande ule yakainuka. Mama alikuwa jikoni, alhamdulillahi. Tangu siku ile siuzi dirisha bila ya kuuliza limeshikwa wapi.

Tuwatazame waliolipa ada kubwa kwa somo hili. Tarehe 24 Agosti 1992 kimbunga Andrew kilipiga kusini ya Florida, Marekani. Walipokwenda kukagua magofu waliona nyumba nyingi zilianza kuharibika kwenye matundu: madirisha, milango, na ile milango mipana ya magari. Miaka 2 baadaye sheria ya ujenzi ya Miami ikabadilishwa. Dirisha sasa linajaribiwa kabla ya kuuzwa. Wanalifyatulia kipande cha mbao cha inchi 2 kwa 4, uzito kilo 4 na kidogo, kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde. Kisha dirisha lile lile lililokwisha kupigwa linasukumwa na kuvutwa mara 9,000, kwa sababu kimbunga hakisukumi mara moja kikaenda zake, kinapiga na kurudi kwa masaa. Kioo kinaruhusiwa kupasuka. Kisichoruhusiwa ni kutoka kwenye fremu na kuacha tundu.

Kioo kinachofaulu mtihani huo ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati, kama kioo cha mbele cha gari. Kikipigwa kinafanya nyufa lakini kinabaki pale pale. Kioo kilichopikwa kikawa kigumu, ambacho wauzaji wengi watakusifia, kikivunjika kinamwagika chembe chembe. Ni salama kwa mikono yako, lakini tundu limeshapatikana. Wanaobandika utepe kwenye kioo kwa alama ya msalaba, nawaomba msipoteze utepe wenu. Haukiongezei kioo nguvu yoyote. Na yule anayesema acha dirisha moja wazi upande wa pili ili nyumba ipumue, msimsikilize. Nyumba ifungwe yote.

Kioo kile chenye utando ni ghali na hakipatikani kila duka. Lakini nataka mtazame tulichonacho tayari.

Dirisha la zamani la Mji Mkongwe lina nondo, na lina mbao mbili nene zinazofungwa kwa ndani, na nyuma yake kuna komeo. Mlango wa mbele ni wa mvule au msaji au mfenesi, mbao mbili, na mfaa unaziba mwanya wa katikati. Usiku ulikuwa unatiwa pingo, gogo zima linakingama nyuma na ncha zake zinaingia ndani ya ukuta wa mawe. Babu zetu walifikiria wezi na jua. Lakini pingo lililoingia kwenye jiwe linabeba ile mifuko 6 ya saruji bila ya tabu. Kitasa cha kisasa chenye ulimi wa sentimita 2 hakibebi.

Kwa hiyo nasema, na najua mafundi wenzangu baadhi hawatafurahi: nyumba kongwe msiing'oe madirisha. Itengenezeni. Ubao ulioliwa na mchwa ubadilishwe, bawaba zilizolegea zikazwe, komeo liwe la juu na la chini, na yote yaingie kwenye jiwe. Ukitaka kioo, kitie ndani ya mbao, upande wa chumbani, na siku ya hatari ufunge mbao. Kwa nje nyumba haibadiliki sura, na hili si dogo: Mji Mkongwe uko katika urithi wa dunia tangu 2000, na kugusa sura ya nje kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Nendeni mkaombe. Tusifanye usiku.

Kuhusu kushikiza, hapa ndipo kazi inapoharibika. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, pana lakini laini. Boliti za kutanuka zinazofaa kwenye zege zinalipasua jiwe letu. Ukiikaza unasikia limetoa sauti, basi limekwisha. Toboa ndani sana, tia chuma kirefu, jaza kwa chokaa kishikane na ukuta. Au pitisha mpaka upande wa pili na uweke bamba. Na chuma kiwe kile kisichoshika kutu, au shaba. Chuma cha kawaida kwa chumvi ya bahari hii kinavimba na kulivunja jiwe kutoka ndani. Wala msipige lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa ili "kuimarisha". Unyevu unakosa pa kutokea na boriti zinaoza vichwa vyake ndani ya ukuta. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na ikaua watu, na hapakuwa na kimbunga siku ile. Ukuta ukiwa mgonjwa, tibu ukuta kwanza.

Nyumba za Ng'ambo na mashamba zenye luva, yale madirisha ya vipande vinavyopandana: luva haizuii chochote. Kateni plaiwudi ya milimita 18 kwa kipimo cha kila dirisha mapema, iandikeni namba, muitobolee matundu kabisa na mtie boliti ukutani sasa, isiwe siku ile mnatafuta cha kuchimbia (na msumeno umeazimwa jirani). Paa sitaliongelea sana leo, ila papi, zile mbao zinazobeba mabati, zifungwe na kenchi kwa mikanda ya bati, si msumari peke yake.

Ndiyo, ami, nimekuona. Anauliza aanze upande gani, pesa yake inatosha madirisha matatu tu.

Swali zuri mno. Sisi tumezoea upepo wa kusi na wa kaskazi, na nyumba zetu tumezielekeza hivyo. Huku kusini ya ikweta kimbunga kinazunguka kama akrabu, yaani mishale, za saa. Kikija kutoka mashariki na kupita kusini yetu, kama Hidaya, upepo wetu unaanza kusini kisha unageuka kuja kutoka magharibi. Magharibi ni baharini. Ni Forodhani, Shangani, Malindi, hakuna kinachoukinga. Kwa hiyo madirisha matatu, ami, yawe ya upande wa bahari, ya ghorofa ya juu kabisa, karibu na paa.

Sasa naomba tutoke uani kabla ya sala ya Magharibi. Nimelitia bao moja la dirisha kwenye kipande cha ukuta wa matumbawe, upande mmoja kwa skurubu fupi za lipu, upande wa pili kwa chuma cha kupenya. Kuna kamba. Vijana wanne waivute, na wazee mkae mbali kidogo na upande wa skurubu.