Siyo Kila Mkojo Unaochoma ni UTI
Mhadhara kwa wanawake na familia zao, Tanga

Shikamooni wazee wangu. Habari za mchana dada zangu, na nyinyi kaka zangu wachache mliojitokeza, karibuni sana.

Kabla ya yote: choo kiko nje, mkono wa kulia, mlango wa bluu. Atakayebanwa aende, arudi, aende tena, hata mara 10. Hakuna kuomba ruhusa na hakuna atakayegeuka kumtazama. Nimeanza na hilo kwa sababu naona baadhi yenu mmewahi viti vya karibu na mlango, na najua kwa nini. Kwa miaka 4 na mimi nilikuwa mtu wa kiti cha mlangoni.

Wengi mnanifahamu kwa kazi yangu ya mazoezi tiba, migongo na magoti. Leo nakuja na jambo ambalo tunalinong'ona: maumivu ya chini ya kitovu yasiyokwisha, mkojo unaobana kila nusu saa, kinena kinachowaka, tendo la ndoa linaloacha uchungu mpaka kesho yake.

Nilivyokuwa ni hivi. Mchana nakwenda haja ndogo mara 20, usiku naamka mara 6 au 7, na nikifika chooni kinatoka kiasi cha kikombe cha kahawa, kile cha muuza kahawa wa barabarani. Safari ya Dar sikuipima kwa kilomita, niliipima kwa pale basi linaposimama watu wachimbe dawa. Siku ya safari sinywi maji tangu jana yake jioni. Nilikwenda zahanati moja, wakapima mkojo, wakaniambia kuna seli za usaha, una UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Vidonge siku 7. Baada ya wiki 3, UTI tena. Ikaja sindano, asubuhi na jioni. Mwishowe nikapewa jina zito zaidi: UTI sugu. Kwa miaka hiyo 4 nilimaliza dozi 11 za antibayotiki, na hakuna hata siku moja mkojo wangu ulioteshwa.

Hapo kwenye kuotesha naomba tutulie kidogo. Kipimo cha haraka, cha kijiti au cha kuangalia kwa hadubini, kinaonyesha dalili tu. Seli za usaha zinaweza kuonekana kwa sababu mkojo umechanganyika na ute wa ukeni, au kibofu kimevimba bila mdudu yeyote. Kuotesha ni kuuweka mkojo maabara siku 2 au 3 kuona kama bakteria wataota, ni wa aina gani, na dawa ipi inawaua. Na mkojo wenyewe uchukuliwe vizuri: unajisafisha, wa mwanzo unauachia uende, unakinga wa katikati. Ukiwa na dalili zinazorudi rudi, omba kuoteshwa kabla hujameza kidonge cha kwanza, maana ukishaanza dawa majibu yanapotea. Wadudu wakionekana, tibiwa na maliza dozi. Wasipoonekana mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, basi dozi ya 12 haitakuponya. Itakachofanya ni kuwafundisha bakteria wengine mwilini mwako usugu, na siku utakapougua kweli dawa itakosa nguvu.

Kutoota kwa wadudu hakumaanishi huna kitu. Kuna magonjwa ambayo kipimo hicho cha kawaida hakiyaoni: klamidia na magonjwa mengine ya zinaa, na kifua kikuu, ambacho kinaweza kukaa hata kwenye figo na kibofu. Na sisi watu wa pwani tusisahau kichocho. Aliyekulia kuoga mtoni au kufua kwenye bwawa, amwambie daktari. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kwenye mkojo wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa hiyo mkojo wa alfajiri unaweza kukudanganya. Kwa mwanamke mayai hayo hukaa hata kwenye mlango wa kizazi, yakaleta maumivu na damu, naye akafikiriwa mengine kabisa. Dawa yake ipo, prazikwanteli. Tena wapo wenye endometriosisi, ambao tishu zinazofanana na zile za ndani ya kizazi zinaota nje yake. Hawa maumivu yao mara nyingi hufuata hedhi. Haya yote yatafutwe kwanza.

Yakishatafutwa yasionekane, na maumivu ya kibofu yamezidi wiki 6, ugonjwa huo una jina kwa madaktari: maumivu sugu ya kibofu. Siyo ugonjwa wa mitandaoni. Mwaka 1915 daktari wa Marekani, Guy Hunner, alishaeleza vidonda alivyoviona ndani ya vibofu vya wanawake wa aina hii. Ila wengi wetu hatuna hivyo vidonda. Kibofu kinachunguzwa kwa kamera, kinaonekana safi, na mgonjwa anarudishwa nyumbani akiambiwa ni mawazo.

Siyo mawazo. Mara nyingi sana ni misuli.

Chini ya nyonga, kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, kuna misuli imetandikwa kama kitambaa cha machela. Imebeba kibofu, kizazi na utumbo wa haja kubwa. Misuli hii ikilegea, mkojo unavuja. Hilo wengi mnalijua, hasa baada ya kuzaa. Lakini inaweza pia kukakamaa, kama shingo ya mtu aliyebeba ndoo kutwa nzima. Misuli iliyokakamaa inauma, inakubana ukadhani una mkojo wakati kibofu ni kitupu, inafanya mkojo utoke kwa kukatikakatika, na inawaka baada ya tendo la ndoa.

Tunaikakamaza kwa njia nyingi. Mojawapo ni hofu ya choo. Tumefundishana kwamba UTI inaokotwa kwenye choo cha kukaa, kwa hiyo dada akiingia choo cha ofisini au cha stendi anainama nusu, hajakaa, hajachuchumaa, mapaja yanatetemeka, huku anasukuma amalize haraka. Sasa, bakteria wanaoleta UTI mara nyingi wanatoka kwenye utumbo wako mwenyewe, wanasogea kutoka njia ya haja kubwa kwenda kwenye njia ya mkojo. Choo hakina lawama hiyo. Na ukiwa umeinama nusu, misuli ya chini haiwezi kuachia, kibofu hakimalizi mkojo. Kaa kabisa, weka karatasi ukitaka. Au chuchumaa kabisa kama bibi zetu. Mkao ule ni mzuri, misuli inafunguka yenyewe.

Ndiyo maana nawaomba mjihadhari na yale mazoezi ya "bana, achia" yanayozunguka kwenye simu. Yametokana na daktari Arnold Kegel, aliyeyaandikia mwaka 1948, na kwa mama anayevuja mkojo baada ya kujifungua yanafaa sana. Kwa mtu ambaye misuli imekwishajibana, kumwambia abane mara 100 kwa siku ni kukaza kamba iliyomkata. Mimi niliyafanya miezi 2, nikazidi kuumia, na mimi ndiye mtaalamu.

Tunachofanya ni kinyume chake. Kuna mama mmoja, mkaanga samaki, aliyekuwa hawezi kukaa kwenye mbuzi akakuna nazi moja ikaisha. Nilimlaza chali kwenye mkeka, mito chini ya magoti, mkono mmoja tumboni. Nikamwambia: vuta pumzi polepole ijae tumboni, na huku chini acha pashuke, kama pale mkojo unapotaka kuanza kutoka, bila kusukuma. Dakika 3 nzima hakuna kilichotokea. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Baadaye nikauona mguu wa kushoto umeanguka pembeni wenyewe, akafungua macho akasema, "Kumbe nilikuwa nimejishikilia." Alifanya hivyo kila siku, dakika 10 asubuhi na 10 usiku. Kliniki nilikuwa namkanda taratibu yale mafundo ya misuli, nje na ndani, kwa ridhaa yake na glavu mikononi. Kazi hiyo imepimwa: utafiti wa Amerika ya Kaskazini uliochapishwa mwaka 2012 uliwachukua wanawake 81 wenye maumivu ya kibofu na misuli inayouma. Waliokandwa misuli ya nyonga, asilimia 59 walisema wamepata nafuu kubwa. Waliokandwa mwili kwa ujumla, asilimia 26.

Wahenga wamesema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mishipa ya fahamu ndivyo ilivyo. Labda mwanzo ulipata UTI ya kweli, ikatibiwa, ikaisha. Lakini mishipa ikabaki na hofu, kila tone la mkojo inalipigia kelele. Ndiyo sababu daktari anaweza kukuandikia amitriptilini. Watu wananirudia wakilia, "Dada, wamenipa dawa ya vichaa." Hapana. Kwa dozi ndogo ya usiku dawa ile inatuliza mishipa ya maumivu na kukupa usingizi. Inakausha mdomo, inaleta choo kigumu, kwa hiyo itumie kwa maelekezo ya daktari, usinunue kienyeji.

Tuje kwenye daftari. Kwa siku 3 andika saa uliyokwenda haja, kiasi ulichotoa kwa kikombe cha plastiki chenye alama, ulichokunywa, na maumivu kwa namba, 0 hadi 10. Mtu mzima mwenye afya huenda mara 6 hadi 8 kwa siku. Ukiona unakwenda kila dakika 40, usijilazimishe kukaa saa 3 bila kwenda. Mkojo ukibana, simama au kaa, vuta pumzi 5 za tumboni, legeza chini, subiri dakika 5. Ile hamu inapanda kama wimbi, kisha inashuka. Wiki hii dakika 5, wiki ijayo 10, halafu 15. Ukishindwa leo, nenda, kesho endelea.

Maji usiyakate. Mkojo mzito wa rangi ya chai unakichoma kibofu. Wala usinywe lita 5 "kuosha UTI". Lita moja na nusu hadi 2 zinatosha wengi, na kwa joto letu hili ongeza kidogo. Kahawa, chai ya rangi, soda, pilipili, ndimu, ukwaju, machungwa: acha vyote wiki 2, kisha rudisha kimoja kimoja ukiangalia daftari. Najua kumwambia mtu wa Muheza aache machungwa ni kumwonea, lakini pengine siyo adui yako. Pengine ni kahawa tu. Mimi ni pilipili na soda. Machungwa nakula. Na choo kiwe laini, papai na mboga za majani, maana kusukuma choo kigumu kunairudisha misuli kule kule.

Kaka zangu, na nyinyi mmo. Kijana wa miaka 30, dereva wa bodaboda, anaumwa kati ya korodani na haja kubwa, anaambiwa tezi dume, anapewa antibayotiki wiki 6. Kwa wanaume wenye maumivu sugu ya namna hiyo, zaidi ya 9 kati ya 10 hawana bakteria kwenye tezi. Matibabu yao yanafanana sana na haya niliyoyasema.

Na wanandoa. Mwanamke akijitenga kitandani kwa sababu anaumia, akanyamaza, mume anawaza ana mtu mwingine. Nimeona ndoa zikiyumba hapo. Mlete mumeo kliniki. Nikimwonyesha mume mchoro wa misuli, nikamweleza kwamba mwili wa mkewe unajihami na maumivu, haumkatai yeye, nimeona wanaume wazima wakilia.

Kuna dalili ambazo hazisubiri daftari: damu kwenye mkojo, homa na maumivu ya ubavuni, mkojo kugoma kabisa, ganzi sehemu za siri, kupungua uzito, damu ukeni baada ya kukoma hedhi. Hizo ni hospitali leo hii.

Mama wa kilemba cha kijani ameuliza kama mtu anapona kabisa. Wapo ambao inaondoka yote. Kwangu mimi imebaki kuchachamaa mara 2 au 3 kwa mwaka, nikichoka au nikisafiri sana. Naweka chupa ya maji ya moto juu ya kinena, imefungwa kwenye kanga, narudi kwenye mkeka na pumzi, siku 2 au 3 inatulia. Ilichukua karibu mwaka. Usingizi ndio uliorudi kwanza: usiku mara 7 zikawa 4, zikawa 2. Desemba iliyopita nilipanda basi la Dar, nikakaa dirishani, nikalala. Nilipoamka tulikuwa Mlandizi, tunakaribia Dar.

Madaftari yako mezani pale, kurasa za siku 3 nimeshazichora mistari. Chukua moja. Na kama nyumbani kuna mume au mama mkwe anayedhani unajidekeza, mchukulie na yeye, aandike ya kwake siku hizo hizo 3, muyaweke pamoja myasome.