Mtama kwa Nguruwe: Kwaruza Punje Kwanza

Ndugu wafugaji, bei ya mahindi siisemi, mnaijua kuliko mimi. Nimeitwa nizungumzie nafaka mbadala kwa nguruwe wanaokua, na kila nikizungumzia jambo hili mtu huinuka: "Mtaalamu, mtama nilijaribu, nguruwe wakadumaa." Sawa. Ulikuwa mtama gani? "Mwekundu." Uliusaga? "Hapana." Dagaa uliweka? Hapo ananitazama kana kwamba nimemtukana.

Tuanze na punje. Wengi mnaamini mtama mweupe hauna tanini, ule uchungu unaokausha mdomo, na mwekundu unayo. Rangi ya nje inadanganya. Chukua punje, shika wembe, kwaruza ganda la juu taratibu. Ukikuta chini yake utando wa kahawia uliokoza, huo una tanini. Ukipita moja kwa moja kwenye weupe, lisha, hata kama nje ni mwekundu. Kwaruza punje kadhaa, za juu ya gunia na za chini, maana wachuuzi wanachanganya. Mbegu ya mtama iitwayo Macia ni nyeupe, haina shida. Ile ya Serena ni ya kahawia na tanini inayo. Wala msiwacheke wanaoupanda: kwelea kwelea wakishaonja uchungu ule, wanahamia shamba la jirani.

Mtasema nguruwe si ndege, anakula chochote. Anakula, ndiyo! Lakini tanini inaishika protini tumboni, inatoka nayo. Umenunua mashudu, umenunua dagaa, na anayefaidi ni migomba yako.

Kuna mzee pale nyuma ananong'ona kwamba kule Kigezi, Uganda, mtama wa namna hiyo hupakwa majivu na watu wanautumia. Kweli, mzee wangu, majivu hupunguza tanini. Sasa wewe mwenye banda zima la nguruwe utapaka magunia mangapi, na majivu utayatoa wapi?

Mtama usio na tanini, nguvu yake ni asilimia 95 ya mahindi au zaidi. Unaweza kuondoa mahindi yote kwenye mchanganyiko. Yote! Ila usage, kwa chekeche la milimita 3 hivi. Punje yake ni ndogo na ngumu, ikiingia nzima inatoka nzima. Mkiona kuku wanachakura kinyesi cha nguruwe asubuhi, wanaokota fedha zenu.

Laisini, haraka haraka: ni ile sehemu ya protini ambayo nguruwe hakui vizuri ikipungua. Protini ya mtama mara nyingi inaizidi kidogo ya mahindi, basi mtu anapunguza dagaa. Usipunguze! Nguruwe wa kilo 25 hadi 50 anahitaji laisini karibu gramu 10 katika kila kilo ya chakula. Mahindi yana kama gramu 2.5, mtama kama 2. Mashudu ya alizeti peke yake hayazibi pengo hilo. Weka dagaa, au soya iliyokaangwa, siyo mbichi.

Eti mtama ni chakula cha watu, tusiwape nguruwe? Na mahindi mnayowapa ni chakula cha nani?

Uwele sitaufikia, naona mwenyekiti anatazama saa. Moja tu: mahindi yaliyoota ukungu si nafaka mbadala. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa Dodoma na Manyara, na nguruwe nayo inamharibu ini. Wenye maswali ya mihogo, tukutane pale nje.