Chinchila Si wa Kutiwa Mpirani

Shikamooni wazee wangu. Wengine wote, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie kumpokea chinchila mgeni nyumbani, yule mnyama mdogo wa manyoya mazito, jamaa wa panya, kizimba chake na mazoezi yake. Waliokuwepo mwaka jana wanajua nitaanzia wapi. Nitaanzia kwenye ule mpira wa plastiki, ulio wazi ndani, ambao mnyama hufungiwa humo akimbie nao sakafuni, na nitaendelea kuanzia hapo mpaka siku nitakapoacha kuletewa wanyama waliotolewa ndani yake.

Februari hii, Jumanne usiku, amekuja kliniki ninapofanya kazi baba mmoja na watoto wawili, wamebeba kiboksi cha viatu. Ndani mna chinchila aliyenunuliwa Ijumaa, hajamaliza hata wiki. Nikamuuliza baba kimetokea nini. Akasema, "Hata sijui dada, alikuwa anacheza vizuri tu." Akanionyesha kwenye simu. Mpira ule wa kuona ndani unabiringika sebuleni, unagonga mguu wa kochi, unageuka, unagonga hita, unageuka tena. Watoto wanacheka. "Unaona alivyofurahi?" baba akaniambia.

Nikamwomba airudishe video nyuma, kisha aisimamishe. Tazama masikio, nikamwambia. Masikio ya chinchila ni mapana na membamba, ukimweka mbele ya taa unaona mishipa. Kwenye ile video yalikuwa mekundu kabisa. Mdomo wazi, manyoya ya kidevuni yamelowa mate. Mguu wa mbele ukucha mmoja haupo, kwa sababu ulinasa kwenye upenyo wa hewa wa mpira, naye bado anasukumwa mbele na uzito wake mwenyewe. Dakika ishirini alikaa mle. Tulimpooza masikio na nyayo kwa kitambaa cha maji ya baridi ya kawaida, si barafu, na daktari akafanya lililowezekana. Hakufika asubuhi.

Baba yule si mtu mbaya. Alinunua mpira dukani, umepangwa rafu moja na chakula cha wanyama, na kwenye boksi kuna picha ya mnyama anayekimbia. Hapo ndipo watu huniuliza: kama unaua, mbona unauzwa? Unauzwa kwa sababu mnunuzi ni mimi na wewe, siye chinchila. Anachokiona mtu ni mnyama anayekimbia, na kwetu kukimbia ni furaha. Mle ndani mnyama anakimbia kutafuta mlango.

Sasa sikilizeni mwili wake ulivyo, maana bila hilo yote mengine ni amri tupu. Kwenye kitundu kimoja cha ngozi, pale ambapo kichwani kwako hutoka unywele mmoja, kwake hutoka zaidi ya hamsini. Amevaa blanketi asiloweza kulivua. Hatoki jasho. Hawezi kuhema ulimi nje kama mbwa ikamsaidia. Joto lake hutoka zaidi kupitia masikio. Ukimfungia kwenye mpira, pumzi yake ya moto inamzunguka mwenyewe, na mgongo unajipinda kufuata umbo la plastiki. Huyu ni mnyama wa milima ya Chile, wa mawe na baridi kavu. Wazee wake aliwaleta Mathias Chapman, mhandisi wa migodi wa Kimarekani, akawashusha milimani taratibu sana akihofia joto, na mwaka 1923 akawafikisha California. Hawakuwa hata ishirini. Ikiwa yeye aliona umuhimu wa kuwakinga na joto wakati ule, sisi wenye vipimajoto vya bei rahisi tuna udhuru gani?

Najua kuna anayesema moyoni: bibi yangu Muheza alifuga sungura, joto nyuzi thelathini na zaidi, na hawakufa. Sungura wa bibi walikuwa chini ya mwembe, upepo unapita, ardhi ina unyevu, na sungura si chinchila. Wengi wetu tumetoka pwani, na chumba cha nyuzi 26 tunakiita kizuri. Kwa chinchila nyuzi 26 ni mwanzo wa hatari. Mzoeze nyuzi 16 mpaka 20, na 25 iwe mwisho kabisa. Mnaikumbuka tarehe 19 Julai 2022, pale Coningsby, hapahapa Uingereza, ilipopimwa nyuzi 40.3? Nyumba za hapa Uingereza nyingi hazina kiyoyozi. Kama kizimba chako kiko dirishani au karibu na hita, kihamishe leo ukifika nyumbani, kabla hujavua koti. Kipimajoto kining'inie kwenye kizimba chenyewe, usipime ukuta wa upande wa pili. Na feni peke yake haimsaidii. Feni inakupoza wewe kwa sababu una jasho la kukaushwa, yeye hana. Mwekee kipande cha marumaru kilichotoka kwenye friji, alale juu yake, na chumba ukipoze kweli.

Haya, siku za kwanza. Amefika. Watoto wamekaa wiki nzima wanamsubiri, wametoka shule saa tisa na nusu, wanataka kumshika. Saa tisa na nusu ndiyo saa yake ya usingizi. Huyu huamka magharibi. Wiki ya kwanza asitolewe kizimbani hata kidogo. Kizimba kiegemee ukuta, upande mmoja ufunikwe shuka, ndani mna kijumba cha mbao cha kujificha, chakula ni kilekile alichokuwa akila alikotoka. Jioni mtoto akae pembeni, asome kitabu chake kwa sauti ya chini. Siku ya tatu au ya nne aingize mkono wenye unyasi mmoja mkavu, autulize. Chinchila atakuja kunusa, atakimbia, atarudi. Usiku atakaoushika unyasi ule kwa vidole vyake viwili vya mbele, akauvuta taratibu kutoka mkononi mwa mtoto, mtoto huyo hatahitaji tena kufundishwa na mimi.

Akinyakuliwa kwa nguvu, manyoya hung'oka fungu zima, yanabaki mkononi. Ndiyo ulinzi wake dhidi ya mwewe na mbweha. Hayaumi sana, lakini kurudi ni miezi, na imani hurudi polepole zaidi.

Baada ya wiki moja au mbili, mazoezi. Chinchila haumbiwi kukimbia mbali, anaumbiwa kuruka. Anaweza kuruka kimo cha mtoto wa darasa la kwanza kutoka alipokaa. Chagua chumba kidogo, bafu linafaa sana: funika choo, ondoa sabuni na dawa, ziba nyuma ya bomba, usiache waya wowote wa umeme, maana atautafuna. Mlango ufungwe. Keti sakafuni, uwe wewe ndiye mlima. Robo saa siku za mwanzo, kisha nusu saa. Ukimwona masikio yanageuka rangi, mrudishe apumzike. Na msimkimbize kumrudisha! Weka bakuli la vumbi ndani ya kiboksi, ataingia mwenyewe, ufunge, umbebe.

Vumbi hilo ndilo kuoga kwake. Nani hapa hajaona kuku anavyojigaragaza kwenye majivu nyuma ya jiko? Ni vilevile, ila huyu anajizungusha kwa kasi mpaka humwoni. Dakika kumi, mara mbili tatu kwa wiki, vumbi laini la volkeno linalouzwa kwa ajili yake, si mchanga wa ufukweni. Maji hapana. Manyoya yale yakilowa hayakauki mpaka chini, na fangasi huanzia hapo.

Naonyeshwa saa, kwa hiyo kizimba naenda nacho haraka. Kiende juu zaidi ya upana, rafu za mbao zisizopakwa rangi wala dawa, zipishane ili akiteleza asianguke mbali. Sakafu isiwe waya mtupu, nyayo zinatoka vidonda. Hakuna plastiki ndani, anaitafuna na vipande vinaziba utumbo. Gurudumu, ukitaka, liwe la chuma, lisilo na fito wala upenyo wa kunasa mguu, kipenyo kisipungue sentimita 38. Majani makavu yawepo usiku na mchana, meno yake huota maisha yote na nyasi ndizo zinazoyasaga. Karanga na zabibu kavu msimpe. Kuhusu kuwafuga wawili wawili nilikuwa na mengi, niulizeni nje.

Mama mmoja pale mbele ameniambia mlangoni kwamba mkwe wake anasema, "Mwanangu, mnafuga panya ndani?" Mwambie mkwe ni kweli, ni jamaa wa panya. Lakini panya huyu huishi miaka kumi na tano, wengine ishirini. Mjukuu aliyemnunua ana miaka minane atakuwa mtu mzima mwenye funguo zake, na mnyama bado yupo kizimbani anasubiri unyasi wake wa jioni. Kwa hiyo swali la mkwe ni la haki, lijibuni kabla ya kununua.

Kaka wa nyuma kaniandikia kikaratasi: je, nikiutoboa mpira matundu zaidi? Hapana, kaka. Matundu zaidi ni kucha zaidi. Pale mlangoni nimeweka sanduku la kadibodi. Aliye na mpira kwenye gari aulete sasa hivi, nitakuwa nimesimama hapo.