Mlango Una Mtu

Mabibi na mabwana, wanafunzi wa sheria, na ninyi maofisa mliokuja leo bila sare: asanteni kwa kunipa jioni yenu.

Naomba nianze na wadudu. Desemba 1972, mjini New York, polisi waliingia stoo ya vielelezo kukagua heroini iliyokuwa imekamatwa miaka kumi nyuma, katika ile kesi mashuhuri ya magendo kutoka Ufaransa. Mifuko ilikuwepo rafuni, na lebo zake zilikuwepo. Lakini ndani ya mifuko kulikuwa na wadudu wadogo wanaokula, na wadudu wale hawali heroini. Walikuwa wanakula unga wa ngano.

Aliyeiba hakuvunja dirisha. Alifika kaunta kama askari yeyote anayechukua kielelezo kwenda nacho mahakamani, akasaini daftari, akapewa, akaondoka. Baadaye mifuko ikarudi. Zaidi ya kilo 100 za heroini na kokeini zilirudi mtaani kwa njia hiyo, zikapita mlango wa polisi wenyewe, na kila safari ina mstari wake kwenye daftari. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu kilichokuwa kinahesabiwa ni mifuko. Hakuna aliyepima kilichomo.

Nimekuja na jambo moja tu. Tumezoea kuzungumzia dawa za kulevya kama adui wa nje anayetafuta kupenya ukuta. Basi tunainua ukuta, tunaongeza seng'enge, tunanunua mashine na mbwa. Vyote vina kazi yake. Lakini njia ya uhakika kuliko zote, ya kuingiza mzigo gerezani au kuutoa stoo ya polisi, ni mlango, na mlango una mtu. Mtu huyo ana zamu, ana mshahara, ana mkuu wake, ana mama anayeumwa. Tusipomlinda sisi, kuna mwenye pesa anayemsoma kila siku.

Sisemi njia nyingine hazipo. Magereza ya Uingereza yamehangaika kwa miaka na droni zinazodondosha vifurushi madirishani usiku. Pia kuna barua: karatasi inaloweshwa dawa za kutengenezwa maabara, inakaushwa, inaandikwa salamu za familia, kisha mfungwa anaichana vipande na kuivuta. Scotland ilifika mahali pa kuwapa wafungwa nakala za barua badala ya barua zenyewe. Wageni nao hubeba, wengine kwa hiari na wengine kwa kutishwa. Lakini droni huanguka, barua hushikwa, mgeni hupekuliwa. Askari wa zamu huingia kila siku, hutoka kila siku, na mara nyingi hakuna anayefungua mkoba wake.

Hebu tumtazame huyo askari kwa karibu, kwa sababu watu wengi hudhani hununuliwa kwa bahasha nene siku moja. Hapana. Mchukulieni kijana wa miezi minane kazini, amepangwa peke yake kwenye bweni lenye watu wengi kuliko uwezo wake. Kuna mfungwa mmoja mpole, mzee kidogo, anayenyamazisha kelele kwa neno moja. Anamsaidia kijana. Wiki ya tatu anamwomba amtumie mke wake ujumbe mfupi: mwambie mtoto nimepata barua. Ni kosa dogo, tena la huruma. Wiki ya tano ni sigara. Wiki ya saba mfungwa anauliza, kwa upole uleule, "Afande, mama anaendeleaje? Nimesikia amelazwa." Siku hiyohiyo kuna pesa kwenye simu ya kijana, kutoka namba asiyoijua. Hajaiomba. Lakini hajairudisha.

Hapo ameshauzwa, na yeye hajui. Wiki ya tisa akiombwa aingize kifurushi akakataa, ataambiwa kwa sauti ileile ya upole: ile meseji ipo, ile pesa ina rekodi, twende kwa mkuu pamoja? Atakubali. Si kwamba ni mwovu kuliko mimi au wewe. Siku ya ile meseji hakukuwa na mtu ambaye angemwendea na kusema "nimeteleza" bila kupoteza kazi. Wahenga walisema penye udhia penyeza rupia. Huyu kijana ndiye aliyepenyezewa, na udhia ulikuwa wake.

Kwa nini mwenye biashara avumilie wiki tisa zote hizo? Kwa sababu ya bei. Kete moja ikishavuka lango, thamani yake huwa mara kadhaa ya ile ya mtaani. Ndani hakuna ushindani, na mnunuzi hawezi kuondoka. Asiye na pesa hukopeshwa. Deni la gerezani hulipwa na dada aliye nje, kwa simu, au hulipwa kwa kisu. Nawaomba mlikumbuke hili mnaposikia mtu akisema, "Waache wavute, wako ndani hata hivyo." Mama anayeuza kitanda chake kumlipia mwanawe deni la gerezani hayuko ndani.

Kuna tundu jingine tunalichimba wenyewe, nalo ni kuwapa wafungwa mamlaka. Askari wakiwa wachache, anayepanga nani alale wapi na nani ale kwanza huwa nyapara. Kanuni za Mandela kuhusu matunzo ya wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinakataza jambo hili waziwazi katika kanuni ya 40: mfungwa asipewe kazi ya nidhamu juu ya wenzake. Wengi hulichukulia kama suala la utu peke yake. Ni suala la usalama pia. Brazil ilijifunza kwa damu. Baada ya polisi kuwaua wafungwa 111 katika gereza la Carandiru mwaka 1992, wafungwa wa Taubaté waliunda kundi lao mwaka 1993, wakisema ni la kujilinda. Mei 2006 kundi hilo liliamsha maasi katika magereza zaidi ya 70 kwa wakati mmoja na kushambulia polisi mitaani São Paulo. Amri zilitoka ndani, kwa simu za mkononi. Leo ni moja ya mitandao mikubwa ya kokeini duniani. Simu moja inayoingizwa na askari mmoja aliyebanwa si kosa dogo hata kidogo.

Sasa tugeuke kwa polisi. Ilikuwa New York tena, miaka ileile. Askari mmoja, Frank Serpico, alianza mwaka 1967 kuwaeleza wakuu wake kuhusu rushwa aliyoiona. Alizungushwa ofisi hadi ofisi. Haikusonga mpaka habari ilipofika gazetini Aprili 1970, ndipo ikaundwa tume chini ya Whitman Knapp. Februari 1971 Serpico alipigwa risasi ya uso katika operesheni ya dawa za kulevya, akapona, akatoa ushahidi. Ripoti ya tume iliwagawa askari wala rushwa makundi mawili: wala nyasi na wala nyama. Wala nyama huwinda rushwa. Wala nyasi hupokea tu kinachopita mbele yao. Tume ikasema tatizo kubwa ni wala nyasi, kwa sababu ni wengi, na wingi wao ndio unaoifanya rushwa ionekane jambo la kawaida na kumfanya askari mwadilifu aonekane msaliti.

Nakubaliana na tume kwa nusu. Kwa kazi ya kila siku, ndiyo. Lakini dawa za kulevya zina pesa ya kufika juu kabisa, na samaki huoza kuanzia kichwani. Jackie Selebi alikuwa kamishna mkuu wa polisi wa Afrika Kusini, na kwa miaka kadhaa rais wa Interpol, shirika linalounganisha polisi wa nchi mbalimbali duniani. Mwaka 2010 alihukumiwa miaka 15 kwa kupokea rushwa kutoka kwa mtu wa magendo, naye alikuwa amemwonyesha mtu huyo taarifa za siri zilizomhusu yeye mwenyewe. Genaro García Luna aliiongoza wizara ya usalama wa umma ya Mexico tangu 2006 hadi 2012, katikati ya vita dhidi ya makundi ya dawa. Mwaka 2024 mahakama ya New York ilimfunga zaidi ya miaka 38 kwa kulitumikia mojawapo ya makundi hayo. Na karibu zaidi na sisi wasemaji wa Kiswahili, ndugu wa familia ya Akasha walikamatwa Mombasa mwaka 2014, kesi ya kuwapeleka Marekani ikaburutwa zaidi ya miaka miwili, na mwaka 2018 wakakiri, pamoja na kosa la dawa, kwamba walihonga maofisa ili wasipelekwe. Baktash Akasha alipewa miaka 25.

Ndiyo maana sifurahii sana takwimu za waliokamatwa. Ukiona orodha ndefu ya mateja na punda, yaani wabebaji, na hakuna mwenye mzigo hata mmoja, unachosoma ni hesabu ya dagaa. Papa ameshalipa.

Nini husaidia, basi?

Hong Kong ya mwanzo wa miaka ya 1970 ilikuwa imeoza kiasi kwamba rushwa ilikusanywa kwa ratiba na kugawanywa kwa vyeo. Mwaka 1973 ofisa mwandamizi wa polisi, Peter Godber, akichunguzwa kwa utajiri usioelezeka, alipanda ndege akaondoka. Watu waliingia barabarani. Februari 1974 ikaanzishwa tume ya kupambana na rushwa nje kabisa ya jeshi la polisi, na Godber akarudishwa, akafungwa. Nataka mshike maneno "nje kabisa". Afrika Kusini ilikuwa na kikosi cha uchunguzi kilichokuwa nje ya polisi, na ndicho kilichomchunguza Selebi. Kikavunjwa, kikaundwa kingine ndani ya polisi. Machi 2011 Mahakama ya Katiba ikasema hicho kipya hakina uhuru wa kutosha. Anayemchunguza bosi wake huwa anatafuta barua ya uhamisho.

Georgia, ile nchi jirani ya Urusi, ilifanya jambo la kishujaa baada ya 2003: iliwafukuza maelfu ya polisi wa barabarani na kuajiri upya, na raia wakashangaa kupita barabarani bila kuombwa chochote. Sifa zikaenea dunia nzima. Lakini magereza yalisahauliwa gizani. Septemba 2012 zikatoka video za wafungwa wakiteswa katika gereza la Gldani, na siku chache baadaye serikali ikashindwa uchaguzi. Usafi wa barabarani haukufika nyuma ya ukuta, kwa sababu nyuma ya ukuta hakukuwa na raia wa kushuhudia.

Kwa hiyo naomba macho ya nje yaingie gerezani: wakaguzi wanaofika bila kutangulia kutoa taarifa, wenye funguo za kila chumba. Naomba kila anayeingia apekuliwe, na mkuu wa gereza awe wa kwanza kwenye foleni, askari wakimwona. Naomba vielelezo vipimwe uzito kila vinapobadilisha mikono, vifungwe kwa lakiri yenye namba, sampuli ibaki na mzigo uteketezwe mapema kwa amri ya mahakama mbele ya hakimu na pande zote. Dawa iliyokaa stoo miaka mitano ni kishawishi tunachokilipia kodi. Na naomba matibabu. Mraibu anayepata methadoni, dawa ya hospitali inayotuliza hamu ya heroini, ndani ya gereza ni mteja aliyeondoka sokoni. Nashangaa jambo hili bado linaitwa ulegevu.

Nina muda wa maswali mawili.

Umeuliza kama mishahara ikipanda rushwa itakwisha. Haitakwisha. Godber alilipwa vizuri na bado alikuwa na zaidi ya dola milioni 4 za Hong Kong asizoweza kuzieleza. Lakini mshahara usiotosha humfanya kila askari awe na bei ya chini, na Kanuni za Mandela zinadai waziwazi malipo yanayotosha kuvuta na kubakiza watu wanaofaa. Lipa, kisha kagua mali. Kulipa bila kukagua ni kumwongezea mlaji sahani.

Na wewe mama uliyesema ni askari magereza mstaafu: umeuliza, yule kijana wa wiki ya tano angemwambia nani? Hilo ndilo swali lililonileta hapa. Asingemwambia mkuu wa zamu, ambaye huenda yumo. Angehitaji ofisi iliyo nje ya gereza, yenye namba ya simu aliyopewa siku ya kwanza ya mafunzo, na ahadi iliyoandikwa kisheria: ukijitokeza mwenyewe kabla hujabeba kifurushi, hufukuzwi, unahamishwa kituo na mama yako anasaidiwa matibabu kupitia mfuko wa watumishi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa wa 2003, ibara ya 33, unazitaka nchi zifikirie kuwalinda watoa taarifa. Mimi naomba tuongeze na yule aliyeteleza akasema. Umesema katika miaka yako yote kazini hukuwahi kupewa namba kama hiyo. Tukitoka hapa naomba tukae, unieleze ungependa simu hiyo ipokelewe na nani.