Namba Zilizofichwa: Kujaza Nafasi Wazi kwenye Mfuatano wa Kijiometri

REHEMA: Karibuni tena jamani, leo tuko na mfuatano wa kijiometri, ule ambao kila namba unaipata kwa kuzidisha iliyotangulia na uwiano uleule mwanzo mpaka mwisho. Ukipewa namba zote haina shida kaka Juma, kazi ipo pale wanapokufichia za katikati.

JUMA: Hapo ndo watu wengi wanakwama dada. Hebu nipe mfano tuanze nao.

REHEMA: 5, nafasi wazi, nafasi wazi, 40.

JUMA: Sawa. Mi cha kwanza nahesabu hatua, sihesabu nafasi. Zilizo wazi ni mbili ila kutoka 5 mpaka 40 unazidisha mara tatu, kwa hiyo 40 gawa kwa 5 unapata 8, na hiyo 8 ndo uwiano kipeo cha tatu, kipeuo cha tatu cha 8 ni 2, basi zilizofichwa ni 10 na 20.

REHEMA: Subiri hapo, maana hapo ndo maksi nyingi zinapotea. Mtu anaona nafasi mbili anakimbilia kipeuo cha pili, anapata 2.83 hivi, anajaza tu, af akizidisha mara ya mwisho inapitiliza 40.

JUMA: Na ni kuzidisha tu kurudi kuhakikisha, sekunde chache! Hatua siku zote zinazidi nafasi wazi kwa moja. Ndo maana hata fomula inasema namba ya kwanza mara uwiano kwa kipeo cha n kutoa 1, n ni namba ya ngapi unayoitafuta, yaani kufika namba ya kumi unazidisha mara tisa. Na wala si lazima uwe na ya kwanza, wakikwambia ya tatu ni 18 na ya sita ni 486, hapo ni hatua tatu, unagawa unapata 27, uwiano ni 3. Ya kwanza unaipata kwa kurudi nyuma ukigawa: 18, 6, 2.

REHEMA: Haya, sasa 2, nafasi tatu wazi, 162.

JUMA: Hatua nne, 162 gawa kwa 2 ni 81, uwiano 3.

REHEMA: Tatu peke yake?

JUMA: Aah, na hasi 3 pia, maana ukiizidisha mara nne unapata 81 ileile. Kwa hiyo ni 6, 18, 54 au ni -6, 18, -54, zote mbili sahihi kabisa, na ona 18 ya katikati haijabadilika.

REHEMA: Hiyo naipenda sana. Yaani hatua zikiwa shufwa chunga majibu mawili, isipokuwa swali limesema namba zote ni chanya, zikiwa witiri jibu ni moja tu kwenye namba halisi. Na ukikuta kitu kama 4, nafasi wazi, -9 usihangaike, ya katikati ukiizidisha kwa yenyewe inatakiwa itoe -36 na hakuna namba halisi inayofanya hivyo.

JUMA: Hiyo ya katikati kwa yenyewe ni silaha kubwa, inalingana na za pembeni zikizidishwa. Wakikupa x, x+4, x+12 unaandika x+4 kipeo cha pili sawasawa na x mara x+12, x kipeo cha pili zinafutana pande zote, inabaki 8x+16=12x, x ni 4, mfuatano ni 4, 8, 16.

REHEMA: Sasa msikilizaji asidhani haya ni ya darasani tu, angalia piano. Noti ya La inapigwa kwa 440 Hz, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, La inayofuata juu yake ni 880, na katikati kuna noti 11 zimefichwa, kila moja unaipata kwa kuzidisha iliyotangulia na uwiano uleule.

JUMA: Nafasi 11, hatua 12! 880 gawa kwa 440 ni 2, kwa hiyo uwiano ni kipeuo cha kumi na mbili cha 2, kwenye kalkuleta inakuja kama 1.0595.

REHEMA: Na 440 ukiizidisha na hiyo unapata kama 466.16, ndo kibonye cheusi kilicho kulia kwake, zidisha tena, 493.88, hiyo ni Si. Zilizobaki tisa mnaweza kuzijaza wenyewe.